Mbuzi Arobaini wa Matroni

Nilianza kuhesabu vijiko vya sukari vya Matroni siku ile ile nilipotia sahihi fomu yake ya mkopo. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi mwenzangu tu katika shule ya bweni ya wasichana hapa Kakuma: mama mrefu, mkavu, mwenye shanga shingoni na rundo la funguo kiunoni, na sauti iliyoweza kuamsha bweni zima kabla kengele haijapigwa. Mimi nafundisha Kiswahili na Dini. Tulisalimiana, tukataniana, tukalalamikia maharagwe ya shule pamoja, basi. Baada ya ile sahihi akawa mtu wa kuchunguzwa. Akinunua ndizi, nataka kujua bei. Akicheka, nashangaa amepata wapi nafasi ya kucheka.

Asiyewahi kumdhamini mtu ataniona mimi ni mtu wa roho mbaya. Chama cha akiba na mikopo, sako kama tunavyoiita, kilikuwa na ofisi yake Lodwar, na masharti yake hayakuhitaji wakili: Matroni asipolipa, wadhamini watakatwa mshahara. Tulikuwa wawili, mimi na mpishi mkuu wa shule. Mpishi alifariki mwaka huo huo, Mungu amrehemu. Nililia kaburini na machozi yalikuwa ya kweli, ila siwezi kudanganya, katikati ya sala ya mchungaji nilikumbuka kwamba sasa nimebaki peke yangu. Tena Matroni aliajiriwa na bodi ya shule. Mshahara wake ulikuja pesa za shule zikija, zisipokuja, anangoja. Wangu unatoka serikalini, kila mwezi, haukosi. Machoni pa sako mimi ndiye nilikuwa mnono.

"Ulitia sahihi kwa mtu aliyebakisha miaka minne astaafu?" mke wangu aliniuliza. "Baba Akiru, ulikuwa umelala?"

"Ni Matroni," nikasema.

"Najua ni Matroni. Nimeuliza kama ulikuwa umelala."

Sikuwa nimelala. Mwaka wangu wa kwanza shuleni, kabla sijaoa, malaria ilinishika nikawa siwezi hata kufungua mlango. Matroni alikuja siku nne mfululizo na uji, akanikalia hapo mpaka nimalize kikombe, akanitukana kwa Kiturkana kwa kukonda. Mtu wa namna hiyo akikujia na fomu mkononi, sijui wewe ungemwambia nini. Mimi niliuliza tu kalamu iko wapi.

Mkopo ulikuwa wa kujenga vyumba vinne vya kupangisha Lodwar, kwenye ploti yake isiyo mbali na mto. Mpango ulikuwa mzuri, hata mimi nilivutiwa: wafanyakazi wa kaunti wanatafuta nyumba kila siku, kodi ya vyumba vinne inalipa mkopo, mshahara anakula. Akajenga. Mabati yakang'aa. Kisha mvua ikakosa msimu mmoja, na wa pili, na watu wake wa huko malishoni wakaanza kuingia mjini. Chumba cha kwanza akakaa shangazi na wajukuu. Cha pili mtoto wa binamu aliyekuja kutibiwa jicho. Wiki tatu baada ya fundi kukabidhi funguo, vyumba vyote vinne vilikuwa na watu na hakuna aliyelipa hata shilingi. Nilipita pale siku moja nikiwa Lodwar kwa shughuli za shule. Mzee mmoja aliyejilaza barazani aliniombea baraka ndefu, akaniomba pia pesa ya tumbaku. Niliporudi Kakuma nilimuuliza Matroni atawatoa lini.

"Kuwatoa niwapeleke wapi?"

"Walipe basi, hata kidogo."

"Mwalimu, shangazi yangu nimwambie alipe kulala?" Alinitazama kwa huruma kabisa, kama mimi ndiye nina shida. "Hiyo deni nitalipa na tumbo yangu."

Na kweli alilipa na tumbo lake. Sijawahi kuona mtu akijibana vile. Kwanza alitafuta namna ya kulishika lile deni kichwani, kwa sababu tarakimu za sako hazikumwambia kitu. Akaligeuza mbuzi. Alichukua bei ya mbuzi wa kawaida sokoni siku ile aliyopokea mkopo, akagawa, akapata mbuzi arobaini. Riba ilikuwa mbuzi wanane, na hao aliwaita watoto waliozaliwa njiani. Sasa kazi yake ikawa kuwarudisha nyumbani kwao Lodwar, mmoja na kitu kila mwezi, mpaka zizi liishe. Bei ya sokoni ikipanda au ikishuka hakujali. Hawa walikuwa mbuzi wa hesabu.

Kila kitu kikapewa kiungo. Soda ilikuwa sikio. Kredo ya simu ya shilingi ishirini, ukwato. Nauli ya kwenda Lodwar na kurudi ilikuwa mguu wa mbele, ndiyo maana aliacha kwenda hata kuangalia vyumba vyake. Mwalimu mmoja alipokuja na simu mpya, kubwa, ya kuonyesha watu, Matroni aliigeuza mkononi, akauliza bei, akapiga hesabu, kisha akasema, "Umebeba mbuzi nne mfukoni na hakuna hata moja ya maziwa." Chumba cha walimu kilicheka siku nzima. Mimi nilicheka kuliko wote. Jioni nikajifungia na simu yangu mwenyewe, ambayo bado nilikuwa nailipia kidogo kidogo, nikaona haya.

Maana ukweli ni kwamba mimi, mdhamini, nilikuwa mbadhirifu wa kutosha. Jumamosi nilipenda kwenda kule kambi ya wakimbizi, kwenye hoteli ya Wahabeshi, kula injera na nyama na kunywa kahawa, halafu narudi nyumbani na kusema sina njaa. Yeye alipita barabara ile ile kwa miguu, jua la saa saba, akienda kwa mama mmoja wa Sudani Kusini aliyeuza sukari na unga kwa kikombe. Mama huyo alimwogopa Matroni. "Huyo hanunui," aliniambia mara moja nilipomuuliza, kwa kisingizio cha utani, Matroni huchukua nini. "Anakuja anaangalia. Anashika, anaweka. Anauliza bei ya kitu yote, halafu anachukua chumvi." Nilifurahi sana kusikia vile. Nilitembea kurudi nyumbani mwepesi, kana kwamba ni mimi niliyeokoa ile pesa.

Sabuni ya mche aliikata kwa uzi vipande vinane na kila kipande kilikuwa na wiki yake. Maharagwe aliloweka tangu asubuhi ili yale makaa machache. Simu yake ilibipu tu, na ukimpigia alizungumza haraka haraka akihofia pesa yako pia. Kanisani hakuacha kutoa sadaka, lakini noti ilishuka ikawa sarafu, na nilimsikia mwenyewe akimnong'oneza mama aliyekaa kando yake kwamba Mungu ameona barua ya sako. Nyumbani kwake chai ilikuwa ya rangi, bila sukari, chungu mpaka shavu linasimama. Shuleni ndipo alipolipiza: vijiko vinne, wakati mwingine vitano, na anakoroga mpaka unaona kikombe kitatoboka.

Nilidhani basi, mtu huyu atachukua chochote cha bure. Sikumjua. Kila jioni jikoni kulibaki makande, na wafanyakazi walibeba kwa vyombo vyao, wala hakuna aliyeona ni dhambi. Matroni hakubeba hata punje. Nilimwambia, kwa nia yangu ile ile ya mdhamini, kwamba akibeba chakula cha jioni ataokoa mguu mzima kwa mwezi. Alikasirika hasa. "Chai ni ya mfanyakazi. Mahindi ni ya watoto," akasema, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo. Mwezi huo huo binti mmoja wa kidato cha pili, mkimbizi aliyeingia nchini na mama yake kupitia mpaka wa Nadapal, alikatikiwa na viatu akawa anakwenda darasani na vipande. Matroni alimnunulia viatu. Vipya, vya ngozi, si vya mtumba. Nilipoviona nilipiga hesabu bila kutaka, nikapata mbavu na kichwa, na usiku ule sikumwambia mke wangu.

Tumbaku ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko vyote kuiacha, na hata hiyo aliiacha. Alikuwa ametafuna tangu usichana wake. Alipoacha, bweni liliteseka kwa wiki tano. "Mwalimu, leo Matroni ako na moto," wasichana walinijia kulalamika, "ametupigia makelele juu ya shuka zenye tumetandika poa." Nikawaambia wavumilie. Sikuwaambia kwamba wanavumilia kwa ajili ya hati yangu ya mshahara.

Kitu kimoja hakukikata, nacho ndicho kilichonikosesha raha. Katika mpango wake wa mwezi, kabla ya unga, kabla ya makaa, kabla hata ya sako, walitangulia wageni. Chumba chake kilikuwa karibu na ua wa shule, na watu wake kutoka Lopur, kijiji cha kwao, walifika pale wakiwa njiani kwenda zahanati, au sokoni, au wakiwa hawaendi popote. Siku moja nilipita kwa kisingizio cha kuazima jembe. Niliwakuta wazee watatu wamekaa mkekani na birika limejaa, na yule mama aliyekunywa chai chungu mwaka mzima anamimina sukari, kilo nzima, pakiti imeinama kichwa chini. Halafu akatoa tumbaku. Tumbaku aliyonunua yeye, asiyetafuna tena, akawagawia kila mtu fungu lake. Nilimwita pembeni.

"Matroni, mama yangu, punguza wageni."

"Kupunguza vipi?"

"Wape chai kikombe kimoja kimoja. Sukari uweke wewe."

"Siku nikikuja kwako utaniwekea sukari wewe?"

Mimi ni Mturkana wa Katilu, wa shamba na mfereji, tumelelewa tukihesabu magunia. Mgeni kwetu hupewa mahindi ya kuchoma na hushukuru. Wenzetu wa mifugo wana mambo yao, nilijiambia, nikaenda zangu na jembe nisilolihitaji.

Pamoja na hayo yote alilipa. Tarehe tano ya kila mwezi, au siku mbili tatu baadaye pesa za shule zikichelewa, alisimama kwenye mlango wa chumba cha walimu na kuninyooshea simu bila neno. Nasoma ujumbe wa sako kwamba malipo yamepokelewa, namrudishia, anaondoka. Hakunitumia ule ujumbe hata mara moja kwa sababu kutuma kunalipiwa. Walimu wengine walidhani tuna siri, na mmoja alinitania kwamba mwalimu wa Dini anaandikiwa barua za mapenzi na Matroni. Wangejua nilivyokuwa natokwa na jasho kuanzia tarehe mosi.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha, pesa za shule zilikwama. Mwezi wa kwanza mwalimu mkuu alituambia ni siku chache. Mwezi wa pili hakutuambia kitu. Wafanyakazi wa bodi walikaa bila mshahara, na tarehe tano ilifika mara mbili pasipo mtu mlangoni. Kisha ujumbe ukaja, ila haukwenda kwa Matroni tu. Uliingia kwenye simu yangu nikiwa darasani nafundisha ngeli. Ulisema nimejulishwa, kama mdhamini, kwamba malipo yasipofika kabla ya mwisho wa mwezi makato yataanza kwangu. Mwezi uliofuata Akiru wetu alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Karo tulikuwa tumeipanga shilingi kwa shilingi, sanduku na godoro tumeshaandika. Nilisoma ule ujumbe mbele ya wasichana arobaini na tatu, nikasahau nilikuwa nimefika wapi.

Nilimkuta Matroni kwenye kamba za nguo.

"Nipe wiki mbili," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Pesa ya shule haijulikani itakuja lini."

"Nipe wiki mbili, Mwalimu."

"Una mbuzi Lopur. Wa kweli. Wangapi?"

Alikung'uta shuka, akalitandaza kwenye kamba. "Kumi na saba."

Deni lilikuwa limebaki mbuzi kumi na saba wa hesabu. Nilikuwa najua kwa sababu nilikuwa nawapunguza pamoja naye mwezi kwa mwezi. Kumi na saba kule, kumi na saba huku. Kwangu ilikuwa kama Mungu mwenyewe amepanga.

"Wauze, Matroni. Unamaliza leo. Unalala."

"Hao si wa deni."

"Ni wa nini basi?"

"Ni wangu," akasema, akainama kuchukua shuka lingine.

Niliona ukaidi. Niliona mama mzima anayekubali kunywa chai chungu miaka miwili na kuwaachia mbuzi kumi na saba watembee tu porini wakila vichaka vya miiba, huku mtoto wangu anakosa shule. Mke wangu aliona hivyo hivyo. Lakini mke wangu alisema tumngoje hizo wiki mbili. Mimi ndiye sikuweza. Niliamka alfajiri, nikapiga hesabu ile ile, nikalala, nikaamka. Siku ya tatu, Jumamosi, nilichukua pikipiki nikaenda Lopur kwa kaka yake, bila kumwambia Matroni.

Sasa nikikumbuka nilivyofika naona aibu mpaka leo. Nilifika na viatu vyeusi na mkoba wa makaratasi. Kaka yake, mzee mwembamba wa kigoda kidogo na fimbo, alinisalimu, "Ejok," nikajibu. Akaagiza chai, na mimi nikasema asante, nina haraka. Sikumuuliza habari za maji, wala za mifugo, wala za watoto. Nilitoa nakala ya fomu mkobani. Nikamweleza kwa Kiturkana changu cha Katilu kwamba dada yake ana deni, kwamba ameshindwa miezi miwili, kwamba pesa ile isipolipwa mimi ndiye nitakayeumia, na kwamba ana mbuzi wa kutosha kuimaliza.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Dada yetu ana deni," akarudia. Nikagundua hakuwa anajua. Kwa miaka miwili alikuwa amekunywa chai ya dada yake na kutafuna tumbaku yake na hakuambiwa kitu.

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye unaumia."

"Mimi ni mdhamini. Mdhamini si mwenye pesa. Ni mtu anayelipa kama mwenye deni hakulipa."

Alifikiri. "Basi wewe ndiye unamdai."

Nilianza kueleza tena, kuhusu sako, kuhusu ofisi ya Lodwar, kuhusu sahihi. Alinyoosha kiganja polepole, kunituliza. Alisema nimeeleweka, niende salama, wao si watu wa kukimbia deni. Niliondoka nimefurahi. Niliimba juu ya pikipiki.

Jumanne asubuhi niliamshwa na milio. Mbele ya nyumba yangu, katika nyumba za walimu, kaka yake Matroni alisimama na wanaume wawili na kundi la mbuzi. Majirani walikuwa tayari wametoka na vikombe vyao vya chai kutazama. Mzee hakuingia ndani wala hakukaa.

"Kumi na saba ni wa dada yetu," aliniambia. "Hawa wawili ni wangu mimi, kukuomba usikasirike. Asisumbuliwe tena."

Nilimkimbilia Matroni bwenini. Alikuja na funguo zake zikigonga, akawaona mbuzi, akasimama. Kaka yake alikuwa ameshaondoka. Alipita katikati yao akimgusa huyu mgongo, huyu sikio, na aliwajua wote. Mimi nilikuwa nazungumza wakati wote huo. Nilisema nitawarudisha leo leo, nitakodi gari, nitakwenda mwenyewe kueleza.

"Ukirudisha watasema umeona ni chache," akasema. "Wataongeza za majirani."

"Basi tufanye nini?"

"Uza."

"Matroni, mimi sikujua..."

"Hukujua nini?" Ndipo akanieleza, bila kupandisha sauti, jambo ambalo kwenye kamba za nguo hakuniambia na mimi sikuuliza kwa moyo wa kutaka jibu. Akistaafu alikuwa anarudi Lopur. Hakuwa na mume, na mtoto wake wa pekee yuko mbali na ana shida zake. "Mwanamke akirudi kwa ndugu na mbuzi zake, anachagua mahali anajenga akai yake, nyumba yake mwenyewe. Akirudi mikono mitupu anaonyeshwa mahali pa kulala. Hiyo ndiyo nilikuwa nachunga na hiyo chai chungu."

Tuliwauza sokoni Kakuma siku mbili baadaye. Soko lilikuwa baya, malisho hakuna, kila mtu anauza. Mbuzi kumi na tisa wa kweli wakalipa mbuzi kumi na saba wa hesabu, pesa ikatosha bila kubaki kitu. Siku ile ile Matroni alisimama mlangoni akaninyooshea simu. Ujumbe ulisema mkopo umelipwa wote. Nilimshukuru Mungu, na nililala usiku ule kama mtoto mchanga, na asubuhi nilichukia kwamba nimelala vizuri. Siku nane baadaye pesa za shule ziliingia. Wafanyakazi wote wa bodi walilipwa miezi miwili kwa mpigo, na Matroni pia.

Alikaa nasi shuleni karibu miaka miwili zaidi. Hakuninunia, ningependa aninunie. Alinisalimu kila asubuhi kwa heshima kamili, "Ejok, Mwalimu," kama anavyosalimiwa mkaguzi wa elimu, na aliacha kunitukana kwa kukonda. Sukari shuleni akapunguza mwenyewe, ikawa vijiko viwili. Siku ya kumuaga walimpa blanketi na sufuria, mwalimu mkuu akasema maneno marefu kuhusu uaminifu wake, na mimi niliombwa kuomba sala ya kufunga. Niliomba vibaya. Kesho yake alipanda gari la kwenda Lodwar na masanduku mawili. Hakwenda Lopur.

Mimi nikaanza kujibana. Sikumtangazia mtu. Hoteli ya Wahabeshi niliiacha, na soda, na kredo za kuongea ovyo, na simu ilipoharibika nikanunua ya vibonye. Sabuni ya mche nilijifunza kuikata kwa uzi. Mke wangu aliona, na siku moja akaniongezea noti ya biashara yake ya mandazi kwenye bahasha niliyoificha nikidhani hajaiona. "Ukienda mpelekee," akasema. Ilituchukua mwaka na miezi mitano. Nilipata bei ya mbuzi kumi na tisa, bei ya soko la sasa, na soko la sasa lilikuwa limepanda.

Nilimkuta Lodwar katika chumba cha nne, kile cha pembeni. Alikuwa mlangoni anasuka kikapu cha majani ya mkoma, miguu ameinyoosha. Vyumba vingine vitatu vilikuwa vimejaa watu wake vile vile, na mama mmoja alivuka ua akachota maji kwenye mtungi wake bila kuomba. Alifurahi kuniona, nadhani alifurahi kweli. Aliuliza habari za Akiru, za mama Akiru, za bweni, za yule binti wa viatu, ambaye nilimwambia amefaulu. Tulizungumza mpaka kivuli kikahama. Nikatoa bahasha, nikaiweka kando ya kikapu.

"Ni nini?"

"Ni mbuzi zako. Zote, na zile mbili za kaka. Tununue hapa Lodwar au kule Kakuma, popote utakapotaka, tuwapeleke Lopur. Uende ujenge."

Hakuigusa. Aliendelea kusuka mstari mzima, akakaza uzi wa jani kwa meno, halafu akaniangalia kama zamani, kwa ile huruma.

"Nitamwambia kaka zimetoka wapi?"

"Kwangu."

"Atasema nimekopa tena. Kwa yule yule."

"Nitakwenda kumweleza. Nitakaa, nitakunywa chai, nitakaa hata siku mbili..."

"Hapana, Mwalimu," akasema kwa upole. "Wewe Lopur usiende."

Akaweka kikapu chini, akaniuliza kama nimekula. Nilikula alichonipa. Baadaye alinisindikiza hadi barabarani, akasimama nami juani mpaka gari la Kakuma likajaa, na pesa zote nikarudi nazo.